Nafuu ya Malezi Isigeuzwe Mtego

Tangu tarehe 1 Januari 2026, wafanyakazi wa Marekani wenye watoto wadogo wanaishi chini ya kanuni mpya za kodi zinazohusu gharama za malezi. Kanuni hizo zimo katika ile sheria kubwa ya kodi iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025. Ukizitazama kwa juu juu zinapendeza. Kiwango cha fedha ambacho mfanyakazi aweza kukiweka katika akaunti ya malezi bila kutozwa kodi kimepandishwa kutoka dola 5,000 hadi dola 7,500 kwa mwaka. Hali kadhalika asilimia ya nafuu ya kodi anayopewa mzazi kwa ajili ya gharama hizo hizo imeongezwa. Wengi wameshangilia, na baadhi ya ofisi za mishahara zimewahimiza wafanyakazi wao kuijaza akaunti hiyo mpaka pomoni.

Sisi tumezipitia kanuni hizo na kuzipigia hesabu, nasi tunaona ni wajibu wetu kuwatanabahisha wasomaji kwamba mikono miwili hii haitoi kwa pamoja. Kinachotolewa na mmoja hupunguzwa na mwingine. Na yule mzazi anayefuata ushauri wa miaka yote, kwamba akaunti ijazwe kwanza na mengine yafuate, leo aweza kupoteza mamia ya dola bila ya kujua.

Huenda msomaji akauliza kodi ya Wamarekani inatuhusu nini. Inatuhusu, kwa sababu wako watu wetu wengi wanaoitoa. Wakenya wa Minnesota na Texas, Watanzania wa Houston na viunga vya Washington, na wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi katika majimbo mengi ya nchi ile, aghalabu ni watu wa kazi za zamu: wauguzi, walezi wa wazee, madereva, wafanyakazi wa maghala. Mama na baba hupishana mlangoni, huyu anatoka na yule anaingia, na mtoto hupelekwa kwa yaya au katika kituo cha kulelea watoto ambacho ada yake hula sehemu kubwa ya mshahara wa mmoja wao. Kile kinachobaki ndicho kinacholipa karo ya mdogo wake huku nyumbani na dawa za mama yake. Dola 600 zikipotea kule, huku kuna mtu atakayezikosa.

Basi na tuanze na mambo yenyewe. Mkono wa kwanza ni akaunti ya malezi. Hii hufunguliwa kupitia kwa mwajiri tu. Mfanyakazi huamua kabla ya mwaka kuanza ni kiasi gani kikatwe katika mshahara wake, na fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato wala makato ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida ni asilimia 7.65. Akishamlipa mlezi, hupeleka risiti na kurudishiwa fedha zake kutoka katika akaunti. Mkono wa pili ni nafuu ya kodi, ambayo haihitaji mwajiri. Mzazi huidai mwishoni mwa mwaka kwa fomu namba 2441, na hupunguziwa kodi yenyewe kwa asilimia fulani ya gharama alizolipa. Lakini gharama zinazohesabiwa zina kikomo: dola 3,000 kwa mtoto mmoja, na dola 6,000 kwa watoto wawili au zaidi, hata kama mzazi amelipa 20,000.

Fundo liko hapa. Kila dola iliyopita katika akaunti hupunguza kikomo hicho kwa dola moja. Mwenye watoto wawili aliyeweka dola 5,000 katika akaunti mwaka 2025 alibakiwa na dola 1,000 tu za kudaia nafuu. Akiweka dola 7,500 mwaka 2026, habakiwi na kitu. Mlango wa pili unafungwa kabisa, wala sheria haimwambii mtu hivyo siku anapotia saini karatasi za ofisi ya mishahara.

Mambo haya hayakuumbwa kwa siku moja, na historia yake yafaa ikumbukwe. Mwaka 1954 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza baadhi ya wazazi wanaofanya kazi kupunguza gharama za malezi katika mapato yanayotozwa kodi. Mwaka 1971 Baraza la Kongresi lilipitisha mswada wa kujenga mfumo wa taifa wa vituo vya watoto, na kama mswada ule ungepita huenda leo tusingekuwa na haja ya kuandika safu hii. Rais Richard Nixon aliukataa mwezi Desemba mwaka huo. Tangu hapo nchi ile tajiri, badala ya kujenga vituo, imekuwa ikiwagawia wazazi vipunguzo vya kodi, kiraka juu ya kiraka. Mwaka 1976 kipunguzo cha zamani kiligeuzwa kuwa nafuu ya kodi. Mwaka 1981 ukaja msamaha wa kodi kwa malezi yanayogharimiwa kupitia kwa mwajiri, nao mwaka 1986 ukawekewa kikomo cha dola 5,000. Mwaka 1988 ndipo Kongresi, ikitafuta fedha za kugharimia sheria nyingine ya misaada ya familia, iliamuru kwamba akaunti na nafuu viliane.

Kikomo kile cha dola 5,000 kilikaa pale pale kwa karibu miaka 40, isipokuwa mwaka mmoja tu wa 2021, wakati wa janga la korona, kilipopandishwa kwa muda hadi dola 10,500. Kama kingalikuwa kinapanda pamoja na bei za vitu tangu 1986, leo kingezidi dola 14,000. Kwa hiyo hizo 7,500 zinazoshangiliwa ni kama nusu tu ya thamani ya kile walichopewa wazazi wa zama za Rais Reagan. Tena hazikufungamanishwa na bei. Zitaanza kuchakaa tangu siku ya kwanza.

Sasa tuingie katika hesabu, maana maneno matupu hayajazi mfuko. Tuchukue mume na mke wanaoishi Texas, jimbo lisilotoza kodi ya mapato, ili tusichanganye mambo. Mapato yao kwa pamoja ni dola 100,000, wana watoto wawili walio chini ya umri wa miaka 13, na kituo kinawatoza dola 15,000 kwa mwaka. Familia hii, katika fungu lake la juu, hutozwa kodi ya asilimia 12. Ukijumlisha na yale makato ya asilimia 7.65, kila dola inayopitia katika akaunti inawaokolea senti 19.65. Wakijaza dola 7,500 wataokoa dola 1,474 hivi. Wasipoigusa akaunti kabisa na badala yake wakadai nafuu, watapewa asilimia 35 ya dola 6,000, yaani dola 2,100. Tofauti ni dola 626, nayo ni hasara ya yule aliyejaza akaunti kwa kusikiliza ushauri mzuri wa jana.

Tunasema wa jana kwa sababu jana haukuwa na madhara. Chini ya kanuni za 2025 familia hiyo ilikuwa ikipewa nafuu ya asilimia 20 tu. Kwa njia ya nafuu peke yake ingepata dola 1,200. Kwa njia ya akaunti ya dola 5,000 pamoja na nafuu ya ile 1,000 iliyobaki ingepata 1,183 hivi. Ilikuwa sawa na kuchagua kati ya mkate na maandazi. Sheria mpya ndiyo iliyotenganisha njia hizi, kwa kuamua kwamba asilimia 35 iendelee kutolewa mpaka mapato yafikie dola 75,000 kwa mzazi mmoja, au 150,000 kwa mume na mke wanaotoa hesabu pamoja, kabla ya kuanza kuteremka taratibu hadi 20.

Lakini asije mtu akakata gazeti hili na kumpelekea shemeji yake aliye Dallas akidhani kwamba akaunti imekuwa ubatili kwa kila mtu. Familia ile ile, yenye mapato yale yale, ikiwa na mtoto mmoja tu, hesabu inapinduka. Asilimia 35 ya dola 3,000 ni dola 1,050, na akaunti iliyojaa bado inaokoa 1,474. Hapo akaunti inashinda, mradi waweke zaidi ya dola 5,344 hivi na wawe na gharama za kutosha kuzimaliza. Wakiweka dola 4,000 tu kwa woga, watakuwa wamekosa kote kuwili: akaunti itawapa 786, nayo itakuwa imemeza kikomo chote cha nafuu. Kwa mume na mke wenye watoto wawili na mapato ya dola 150,000, ambao fungu lao la juu hutozwa asilimia 22, njia hizi hukaribiana sana, akaunti ikitangulia kwa dola mia na ushei.

Na juu zaidi ya hapo hakuna mashindano. Wawili wanaopata dola 260,000, kila mmoja 130,000, huokoa katika akaunti dola 2,374, na nafuu ingewapa 1,200 tu. Tazama basi kilichotokea. Chombo kilichoundwa kwa jina la mfanyakazi mwenye mtoto kinampa anayehitaji kidogo zaidi ya kile kinachompa anayehitaji sana. Watunga sheria wenyewe walilijua jambo hili zamani, kwani waliweka sharti kwamba wastani wa manufaa ya wafanyakazi wa kawaida katika akaunti hizo usipungue asilimia 55 ya wastani wa manufaa ya wakubwa wao. La sivyo wakubwa hupoteza msamaha wao. Pengine ndiyo sababu ofisi nyingine huwahimiza wadogo wajiunge kwa bidii ambayo hatujaiona katika mambo mengine ya maslahi yao.

Tuje kwa mnyonge. Sheria mpya inatangaza kwamba mzazi mwenye mapato yasiyozidi dola 15,000 atapewa nafuu ya asilimia 50. Ni maneno matamu. Lakini nafuu hii hairudishwi kwa fedha taslimu; hupunguza kodi inayodaiwa tu, na kodi ikifika sifuri mambo yamekwisha. Mwaka 2026 mzazi anayelea peke yake hatozwi kodi ya mapato katika dola 24,150 za kwanza. Mwenye 15,000 hana kodi yoyote ya kupunguziwa. Asilimia 50 ya kupunguza kitu kisichokuwapo ni nini kama si zawadi ya picha ya mkate?

Chukua mama anayelea mtoto mmoja kwa mshahara wa dola 26,000, mwanamke anayegeuza wagonjwa vitandani usiku kucha. Kwa mujibu wa jedwali anastahili asilimia 44 ya dola 3,000, yaani dola 1,320. Kodi anayodaiwa ni dola 185. Basi haiwezi kupita hapo. Na hizo 185 nazo zingefutwa na ile nafuu nyingine ya kila mtoto, iliyopandishwa kuwa dola 2,200 kwa sheria hiyo hiyo, hivyo faida halisi aweza asiione kabisa. Mwaka 2021, chini ya sheria aliyoitia saini Rais Joe Biden, nafuu hii ilirudishwa kwa fedha taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi, na gharama zilizohesabiwa zilifika dola 8,000 kwa mtoto mmoja na 16,000 kwa wawili. Ilidumu mwaka mmoja, kisha ikaachwa ife. Kongresi ya 2025 ilikuwa na kielelezo mbele yake, nayo ikaongeza asilimia na kuuacha mlango umefungwa. Hatuwezi kuliita hilo bahati mbaya.

Wapo watakaosema kwamba mama huyo aende kwenye akaunti, kwa kuwa angalau angeokoa yale makato ya asilimia 7.65, na kwa baadhi ya watu kushuka kwa mapato yanayohesabiwa huongeza ile ruzuku ya kodi ya wenye mishahara midogo. Ni kweli kwa karatasi. Lakini akaunti inadai kitu ambacho mtu wa namna hiyo hana, nacho ni nafasi ya kungoja. Anakatwa leo, anamlipa mlezi leo hiyo hiyo, na anarudishiwa baadaye, tena kwa kiasi kile tu kilichokwisha kukatwa. Mshahara wa wiki hiyo ndio wa kodi ya nyumba. Aidha, fedha zisizotumika mpaka mwisho wa mwaka, au mpaka miezi miwili na nusu ya nyongeza pale mwajiri anapoiruhusu, hupotea. Na waajiri wengi, hasa wadogo, hawana akaunti hizo kabisa. Dereva wa teksi anayejitegemea kwa kawaida hana pa kuifungulia.

Yapo mambo mengine yanayowagusa watu wetu hasa, nasi tutayataja kwa sababu hatuoni wakielezwa. La kwanza ni mtoto aliyeachwa kwa bibi yake huku nyumbani. Sheria inataka mtoto awe ameishi na mzazi kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Fedha anazotumiwa bibi huko Kisii au Moshi kwa ajili ya matunzo yake, hata ziwe nyingi namna gani na stakabadhi zikiwa zimetunzwa zote, haziingii katika akaunti wala katika nafuu. La pili ni bibi aliyeletwa Marekani kuwalea wajukuu. Akilipwa, malipo yake yanakubalika, ila kwa sharti kwamba mzazi asimwandike kama mtegemezi wake katika hesabu za kodi. Na malipo hayo kwake ni mapato. Wengi humwandika kuwa mtegemezi na wakati huo huo wakadai malipo yake. Hilo ni kosa, na fomu 2441 hulianika, kwa kuwa inadai jina na namba ya utambulisho wa kodi ya kila mlezi.

Namba hiyo ndiyo inayowakwamisha pia wenye yaya wa mkononi. Yaya anayelipwa fedha taslimu jikoni mara nyingi hataki namba yake iandikwe popote, na mzazi naye hataki ugomvi na mtu anayemwachia mtoto. Matokeo yake ni kwamba mzazi anaacha nafuu yake yote. Tena akimlipa yaya anayefanya kazi nyumbani kwake zaidi ya kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 2,800, yeye mwenyewe huhesabiwa kuwa mwajiri na hudaiwa makato ya mwajiri.

Kwa wafanyakazi wa zamu za usiku ipo habari njema ambayo wengi hawaijui. Ikiwa mmoja wa wazazi anafanya kazi usiku na kulala mchana wakati mwenzake yuko kazini, gharama za malezi ya mchana huo zinakubalika, japo mzazi mmoja yumo nyumbani. Kadhalika mzazi aliye mwanafunzi wa kutwa nzima huhesabiwa kana kwamba ana mapato ya dola 250 kwa mwezi akiwa na mtoto mmoja, au 500 akiwa na wawili. Lakini mzazi asiyefanya kazi, asiyesoma na asiye na ulemavu wa kumzuia kujihudumia huizuia familia nzima kupata nafuu hiyo. 

Tunaomba wale wenye sauti katika vyama vya Wakenya, Watanzania na Wakongo nchini Marekani, ambao kila mwaka huandaa mikutano ya mavazi na muziki, wamwite mtaalamu wa kodi kwa saa moja. Tunawaomba pia waajiri wakubwa wa sekta ya utunzaji wa wagonjwa, ambao wanaujua mshahara wa kila mtumishi wao, waweke katika karatasi ya kujiandikisha mstari mmoja unaosema kwamba dola inayoingia katika akaunti hutoka katika nafuu. Hakuna sheria inayowakataza.

Uchaguzi wa kiasi cha kuweka kwa mwaka 2026 ulifanyika kwa walio wengi katika miezi ya mwisho ya 2025. Hata hivyo mfanyakazi aliyezaa, aliyeoa au kuolewa, aliyebadilishiwa mlezi au aliyepandishiwa ada ya kituo aweza kuomba kiasi hicho kibadilishwe katikati ya mwaka, na waajiri wengi hutoa siku 30 tangu tukio lenyewe. Kwa wengine nafasi itafunguliwa tena mwishoni mwa 2026. Siku hiyo itakapofika, mwenye watoto wawili na aangalie kwanza mambo mawili katika karatasi zake: fungu la kodi analotozwa, na asilimia ya nafuu anayostahili. Asilimia ya nafuu katika dola 6,000 ikiwapa zaidi ya kile ambacho fungu la kodi pamoja na yale makato ya 7.65 vingeokoa katika dola 7,500, basi kisanduku cha akaunti na kiachwe kitupu.